Mashine Iliyoona Maji Mbugani

Suji, Same
14 Januari 1994

Mdogo wangu Melkizedeki,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, ingawa uliiweka mwisho wa barua kama mtu aliyekumbuka chumvi baada ya kula. Huku tupo. Mama ni mzima isipokuwa goti. Watoto wanakua na nguo zinabaki palepale.

Sasa nieleze vizuri. Unasema profesa wako hapo Ujerumani amekuajiri kutafuta maji kwenye sayari inayoitwa Mirihi, na maji yenyewe hayako juu, yamo chini ya ardhi ya huko. Nilisoma mara tatu nikidhani mwandiko wako umeharibika. Mama akauliza, "Huko kuna watu wenye kiu?" Nikamwambia hakuna mtu hata mmoja. Akaendelea kupukuchua mahindi.

Shemeji yako Nicolaus amepunguzwa kazi kwenye mkonge. Shamba limepata mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya hawataki watu wa zamani. Ndilo soko huria hilo. Dukani kuna sabuni za kila rangi siku hizi, anayekosekana ni mnunuzi. Shuleni ni michango, zahanati ni michango, na kahawa bei yake ni ya kukutia aibu hata kuibeba. Kinachotushikilia ni ndiva. Sijui kama bado unalikumbuka bwawa lile la ukoo juu ya migomba, tunaliziba jioni lijae, tunalifungua alfajiri. Zamu yetu inarudi kila siku ya nane kama baba alivyotuachia, na kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzoa tope, naenda mimi na jembe langu, hata kama kwetu ni mimi peke yangu.

Jibu kwa Kiswahili cha kueleweka. Mimi niliishia la saba nikabaki kulima ili wewe uende mbele, kwa hiyo nina haki ya kuelezwa.

Dada yako,
Eliaichi


Ujerumani
20 Machi 1994

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Safari hii nimeiweka mwanzo.

Kazi yetu inaitwa rada. Unakumbuka tulivyokuwa tukigonga pipa la mafuta ya taa dukani kwa Mzee Eliezeri ili kujua yamebaki mpaka wapi? Sisi tunagonga ardhi kwa mawimbi yanayofanana na ya redio. Yanazama, na yakikuta kitu cha aina nyingine yanarudi kwetu. Tunapima yamechukua muda gani, tunajua kitu kiko kina gani. Chombo kitaizunguka Mirihi kutoka juu, nasi tutaona chini ya mwamba na barafu, hata kilomita nzima kwenda chini. Kwenye kioo inatokea kama mistari. Mstari mkali na ulionyooka ndio tunaoutafuta, maana maji huyarudisha mawimbi kwa nguvu sana.

Katika jengo hili mimi ndiye Mwafrika pekee asiyefagia. Profesa husema nina jicho la kusoma mistari. Mwambie Mama hivyo.

Pole kwa Nicolaus. Baridi ya hapa inauma mpaka kwenye meno.

Mdogo wako,
Melkizedeki


Suji
9 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma kwenye kikao cha ndiva. Usinikasirikie, hapa barua ya Ulaya si ya mtu mmoja. Mzee Zebedayo, ambaye ndiye msimamizi wa ndiva sasa, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wapare tunasifika kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, lakini hawa Wazungu wametupita."

Halafu akaacha kucheka. Vuli haijanyesha. Ndiva inajaa nusu, na zamu ya mtu inakwisha kabla maji hayajafika mfereji wa mwisho. Akauliza, "Huyu kijana anayeona chini ya nyota, haoni chini ya Mbugani?"

Mbugani ni kule chini, ng'ambo ya reli, ukivuka mashamba ya mkonge. Serikali ya kijiji imegawa viwanja huko na Nicolaus amepata ekari nne. Ardhi nzuri, tambarare, jembe halipigi jiwe. Inakosa maji tu. Nicolaus anakwenda kuitazama kila wiki kama mtu anayetazama mchumba.

Basi nakuuliza nilivyoulizwa. Unaweza?

Eliaichi


Ujerumani
3 Juni 1995

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Nina habari njema. Mashine yetu lazima ijaribiwe kwanza hapa duniani, mahali pakavu pasipo na nyaya za umeme wala majengo. Wengine walitaka jangwa la kaskazini. Mimi nimemwambia Profesa kuhusu Mbugani. Nimemwambia ni pakavu na watu wake ni wangu, hawatatuzuia kutandaza nyaya mashambani. Amekubali!

Tutafika Septemba, watu wanne, kwa wiki mbili. Mwambie Mzee Zebedayo nakuja kugonga pipa lake.

Melkizedeki


Suji
12 Desemba 1995

Mdogo wangu,

Tangu muondoke watu hawana hadithi nyingine. Hata uchaguzi umepita na fulana zake na vyama vyake vingi, lakini ukikaa kisimani unasikia ni Melkizedeki tu. Mama hajaivua ile shali uliyomletea. Siku ile walipomkalisha kiti cha mbele pamoja na Profesa wako, na mbuzi akachinjwa, aliniambia sasa anaweza kufa. Nikamwambia akae kwanza, hata supu hatujanywa.

Ile alama ya chokaa uliyoweka Mbugani bado ipo. Nicolaus ameizungushia miiba ili ng'ombe wasiifute. Kila mtu anasimulia ulivyotuita kwenye kioo, ukaweka kidole kwenye ule mstari mweupe na kusema, "Hapa pana kitu." Mzee Zebedayo alikuuliza kina gani, ukasema si mbali. Wafadhili wa kanisa wameiona ramani yako yenye sahihi yako, wamekubali kuleta watu wa kuchimba.

Ila nina swali langu mwenyewe, na hili silisomi kikaoni. Nicolaus anataka tuhamie Mbugani baada ya masika ijayo, tujenge, tulime mpunga na vitunguu. Tukihamia, siwezi kupanda mlimani kila siku ya nane kuziba ndiva, wala kufika msaragambo. Unajua sheria yetu. Ukikosa msaragambo mara tatu unanyang'anywa zamu kwa aibu. La kiungwana ni kuiachia mwenyewe mbele ya wazee. Lakini zamu iliyoachiwa hairudi. Haiombwi, haikopeshwi, hata wajukuu wako hawawezi kuidai. Zamu hii aliichimba babu yetu kwa mikono.

Wewe ndiye uliyeona. Niambie kama dada yako, si kama mkutano. Niachie au nisiachie?

Eliaichi


Ujerumani
30 Januari 1996

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Nisamehe, nina kazi nyingi mno. Matokeo ya Mbugani yamemfurahisha sana Profesa, mashine ilifanya kazi bila hitilafu siku zote kumi na nne. Nitawasilisha ripoti yake mbele ya wataalamu mwezi wa tano, jina langu likiwa la pili baada ya lake.

Kuhusu ulichouliza. Mambo ya ardhi na zamu ni ya familia na wazee, mimi niliye mbali siwezi kuyaamua. Ninachoweza kusema ni kwamba mstari ule ulikuwa mkali na ulionyooka. Mashine haina sababu ya kudanganya.

Mbusu Mama.

Melkizedeki


Suji
28 Juni 1996

Mdogo wangu,

Imekwisha. Jana nimeiachia zamu.

Walikuja wote. Nilisimama ukingoni, nikataja jina la babu, la baba, na langu, nikasema naondoka kwa amani. Aliyepokea ni Koleta, yule mjane wa jirani, ambaye ameingojea zamu miaka kumi na mmoja. Alishuka kwenye tope akaliziba tundu kwa udongo wa mikono yake, na hapo maji yakawa yake. Alikuwa akilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nikilia pia lakini nilisingizia moshi.

Mzee Zebedayo hakufurahi. Aliniita pembeni akasema, "Binti yangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamjibu kwamba msala huu haupiti, umewekwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Akanitazama sana. Akasema basi, kama Melkizedeki amesema.

Kesho tunashuka na mabati. Mama anabaki juu na binti yetu Justa wa kumsaidia. Wachimbaji wameahidi kuja baada ya kiangazi.

Naogopa, lakini ni woga wa mtu anayehama, utapita.

Eliaichi


Ujerumani
2 Julai 1996

Dada Eliaichi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka. Kama bado hujaachia zamu, usiachie kwanza. Subiri wachimbe. Sababu nitakueleza baadaye, si jambo kubwa, ni tahadhari tu ya kitaalamu.

Melkizedeki


Mbugani
19 Agosti 1996

Melkizedeki,

Barua yako ya maneno machache imefika wiki saba baada ya zamu kwenda. Sababu gani? Tahadhari gani? Nimeisoma peke yangu na sijamwonyesha Nicolaus, ambaye anafyatua matofali tangu asubuhi huku akiimba. Nieleze.

Eliaichi


Mbugani
6 Machi 1997

Melkizedeki,

Miezi saba hujajibu. Basi nakueleza mimi.

Walichimba mwezi uliopita, palepale kwenye chokaa yako. Kwaya ilikuwepo, na Mchungaji. Mita tatu tu, udongo ukatoka umelowa. Watu wakashangilia, mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Wakaendelea. Mita kumi, ishirini, arobaini. Maji yakaruka, meusi kwanza, kisha meupe. Nicolaus ndiye aliyekinga wa kwanza kwa mikono miwili. Akayatema.

Chumvi, Melkizedeki. Chumvi na magadi ya kuchubua ulimi. Mbuzi waliinusa ndoo wakageuka. Tulijaribu kumwagilia tuta moja la vitunguu, likawa jeupe kwa siku nne na kila kitu kikafa. Wachimbaji walisogea mahali pengine pawili kwenye ramani yako. Chumvi. Wakafunga mitambo wakaondoka, na wafadhili wameandika kwamba fungu limekwisha.

Tumerudi Suji. Nyumba ya matofali tumeiacha na mabati tumeyabeba. Shamba la juu ni letu bado, lakini mfereji unapita kando yake na siruhusiwi kuuchepusha hata kwa kisahani. Ukame huu ni mbaya kuliko wa mwaka ule nilioandika. Nimeyaona mahindi yangu yakikauka hatua tano kutoka kwenye maji yanayokwenda kwa Koleta. Wala simlaumu Koleta.

Nicolaus amekwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kubeba samaki. Amesema atatuma chochote. Haimbi tena.

Mama haamini. Anasema watu wa kuchimba walikosea, mtoto wake hakosei.

Eliaichi


Ujerumani
10 Mei 1998

Dada yangu Eliaichi,

Shikamoo. Najua sistahili kuitikiwa.

Barua zako zote ninazo. Nilianza kuzijibu mara nyingi na kuchana. Sasa nimeacha kazi kwa Profesa, au kazi imeniacha, na nina muda wa kuandika ukweli.

Nilijua. Sikujua baadaye, nilijua siku ya tatu, nikiwa bado Mbugani. Mawimbi yetu hupenya barafu na mwamba mkavu bila shida. Udongo wa mfinyanzi wenye chumvi huyameza. Yanagonga pale juu, yanarudi kwa nguvu, na chini ya hapo hakuna kinachoonekana. Mstari ule mweupe ulikuwa mwanzo wa chumvi. Kwa lugha ya kweli, mashine yetu inayoweza kuona kilomita moja chini ya Mirihi haikuweza kuona mita nne chini ya nyumbani. Nilimwambia Profesa usiku huohuo. Yeye akasema tumalize siku zetu, kwani kushindwa kwa mashine kwenye udongo mbaya nako ni matokeo mazuri ya kuandika. Na tuliandika. Ripoti iliyonipa sifa mwezi wa tano inasema wazi kwamba Mbugani hapafai. Imeandikwa kwa Kiingereza, dada.

Nilikusudia kuwaambia siku ya mwisho. Kisha mkachinja mbuzi. Nikamwona Mama kwenye kiti cha mbele na shali yake mpya, na Mzee Zebedayo, aliyewahi kunichapa kwa kuchezea ndiva, akinisubiri mimi niseme. Ningesema nini? Kwamba nimesoma miaka kumi na miwili Ulaya ili nije nishindwe na udongo wetu? Nikasema, "Hapa pana kitu." Nilijidanganya kwamba huenda chini ya chumvi kuna maji matamu. Ulipoandika kuuliza uachie au usiachie, nilikaa na barua yako wiki mbili. Jibu lilikuwa neno moja. Niliona kwamba nikiliandika neno hilo, utauliza kwa nini.

Nimechoka kulibeba. Naomba uisome barua hii mbele ya Mzee Zebedayo na kikao chote, kama ulivyosoma zile za mwanzo. Wajue kwamba kosa si la mashine wala si lako. Nikishasamehewa, au hata wakinilaani, nitakuja nyumbani nisimame mwenyewe ukingoni niombe radhi.

Ndugu yako,
Melkizedeki


Suji
1 Agosti 1998

Melkizedeki,

Barabara ilikatika kwa mvua zile kubwa na mfuko wa barua ulilala Same muda mrefu. Nimeipata yako wiki jana. Mchungaji aliniletea kikaoni, mbele ya watu wote, na wote wakageuka kunitazama.

Acha nikueleze kwanza tunavyoishi, kwa kuwa hukuuliza. Mwaka jana, baada ya mahindi kukauka, Mzee Zebedayo aliitisha wazee. Akasema sheria ni sheria, zamu ya Eliaichi haiwezi kurudi. Lakini akasema pia kwamba binti huyu na ndugu yake walidanganywa na mashine ya Wazungu, wote wawili, na aliyedanganywa si sawa na mdanganyifu. Kwa hiyo wakanipa masalio. Zamu ya Koleta ikiisha, yale yanayobaki chini ya bwawa kabla halijazibwa, yanaachiwa shamba langu. Ni nusu saa, wakati mwingine haifiki. Mboga zinaota. Mama anakula. Justa yuko shule. Nicolaus hakurudi kutoka Nyumba ya Mungu, nimesikia ana mwanamke huko.

Nusu saa hiyo inasimama juu ya jambo moja tu, kwamba wewe hukujua.

Na wewe unaniomba niwasomee kwamba ulijua! Unataka nisimame mbele ya Zebedayo niseme ndugu yangu wa tumbo moja alitutazama machoni, akala mbuzi wetu, akatudanganya ili Mama aonekane wa maana. Wangekulaani, nawe ungelala vizuri huko Ulaya. Asubuhi yake nani angenifungulia maji? Zamu ni ya ukoo, na uongo wako ungekuwa wa ukoo pia. Miaka miwili iliyopita ungeniambia neno moja ningekubusu miguu. Niliuomba ukweli huo kwa jina, kwa barua, nikulipe kwa chochote. Ulizuiwa na nini kunipa? Sasa umeuleta ukiwa umekuchosha wewe, kama mtu anayetua mzigo wake juu ya kichwa cha mwenzake.

Nimekuchukia, Melkizedeki. Nakuandikia hivyo ili usijiulize.

Pale kikaoni nilifungua bahasha. Nilisoma mistari michache kimya, na Mzee Zebedayo akasema, "Soma basi, binti, tusikie." Macho yake yameharibika, hawezi kuona karatasi hata ukimpa mkononi. Nikasoma. Nikasoma kwamba hujambo. Kwamba umesikia habari za chumvi na umelia. Kwamba mashine ile imechunguzwa na kukutwa mbovu, na wewe umeacha kazi kwa hasira, kwa sababu iliwaumiza watu wako. Kwamba unamsalimu Mzee Zebedayo shikamoo, na Koleta, na wote wanaozoa tope. Niligeuza na ukurasa wa pili ili iaminike. Kwa kweli ilitoka nzuri kuliko yako.

Koleta alijifuta macho. Mama alisema, "Si niliwaambia?"

Nyumbani niliichoma jikoni, yote, na bahasha.

Usije. Nakujua, ukifika utasema, huwezi kuona watu wamekusamehe bure ukanyamaza. Usije Mama akiwa hai, wala akifa usije. Nitasema visa ilikukwama. Ukiandika, andika salamu na hali ya hewa, kwa sababu barua yoyote yako nitaombwa kuisoma kwa sauti.

Jioni ile Mzee Zebedayo alishuka na fimbo yake mpaka kwenye mfereji wangu. Alisema kijana wetu ana moyo mzuri, na kwamba kwa ajili ya barua yake, kuanzia wiki hii masalio yangu yataongezwa robo saa. Nikamshukuru kwa niaba yako.

Dada yako,
Eliaichi